Gia ya meno 127

Jumamosi asubuhi, Mikumi. Kijana amepiga magoti mbele ya mashine ya kusaga, anagonga beringi kwa nyundo. Beringi ni mpya, bado inang'aa mafuta ya kiwandani, na imeandikwa UC205. Shafti ni kuukuu. Amegonga hadi jasho linamwingia machoni, na beringi imegoma kuingia hata kwa unene wa ukucha. Nyuma yake kina mama watano wamekalia ndoo na madebe ya mahindi, na mwenye mashine anawaambia, kwa mara ya tatu, kwamba ni dakika mbili tu.

Mimi nilikuwa nasubiri gari la Kilosa na sikuwa na haraka. Ndiyo maana nilimwona mzee mmoja, ovaroli ya bluu iliyopauka, akivuka barabara katikati ya malori ya Zambia. Akasimama, akatazama kidogo, akasema:

"Weka nyundo chini, mwanangu. Hiyo haiingii hata ukiigonga mpaka Jumatatu. Shafti yako ni ya inchi."

"Shikamoo, mzee. Lakini ya zamani nayo ni 205. Nimeisoma mwenyewe."

"Marahaba. Ya zamani ilikuwa 205, kistari, 16. Hiyo 16 imefutika, na ndiyo iliyokuwa na maana."

Beringi za aina hii zina hesabu yake. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata tundu lake kwa milimita: 05 mara tano ni 25. Ukiona kistari na 16 mbele yake, maana yake ni sehemu 16 za inchi iliyogawanywa mara 16, yaani inchi nzima, na inchi nzima ni milimita 25.4. Kwa nje mapacha hawa hawatofautiani. Wote wanakaa kwenye plamabloki ile ile, yaani nyumba ya beringi. Matundu yao yanatofautiana kwa milimita 0.4, kama karatasi nne za daftari zilizobanwa pamoja. Kwa macho si kitu. Kwa nyundo ni ukuta.

Duka la kwenda kubadilishia liko Morogoro, zaidi ya kilomita 100, na njiani kuna hifadhi yenye tembo na matuta ya barabarani. Mzee akaifungua shafti, akaipangusa kwa tambara, akaitia kwapani kama mtu anayebeba mkate. Nikamfuata. Gari la Kilosa lingekuja tu.

Nilitarajia kuona mashine kubwa, zile za kijani zinazojaza chumba. Badala yake, nyuma ya banda lake, chini ya turubai, palikuwa na lethi ambayo mtu angeidhania ya maonyesho. Ilikaa juu ya meza ya mninga, haizidi urefu wa dawati la shule, na mota yake ndogo ilichomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pasi na redio. Hakuna umeme wa fezi tatu pale. (Mzee anapenda kusema umeme wake hauna nauli kubwa, maana bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975, liko chini tu ya milima hiyo unayoiona.)

Kamusi zetu zina neno zuri la mashine hii: keezo. Kitendo chake ni kukereza, na miguu ya vitanda vya pwani ilikerezwa zamani kabla mtu hajasikia habari ya mota. Lakini ingia karakana yoyote kati ya Kariakoo na Mbeya useme unatafuta keezo, utaulizwa ni jina la nani. Mafundi wanasema lethi, na kazi yake ni kuchonga. Mimi nitafuata mafundi, ingawa kwa shingo upande.

Siri yake ni kugeuza desturi. Kwa seremala ubao umetulia na randa inatembea. Kwenye lethi chuma ndicho kinachozunguka, na kisu kimetulia kwenye mkono wa chuma, kinasogezwa kwa gurudumu dogo lenye alama. Chochote cha duara ulichowahi kushika, pistoni, pini, bushi, nati, kilipita mahali kama hapo, au kilizaliwa na mashine iliyopita hapo.

Mzee alibana ncha moja ya shafti kwenye chaki, ile sahani yenye taya tatu zinazofunga pamoja, akaishikiza ncha ya pili kwa sindano nene ya upande wa nyuma. Akapima kwa venia: 25.38. Gurudumu la mashine yake halisomi milimita. Kila mstari ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Kwa hiyo akafanya hesabu kichwani, midomo ikichezacheza. Kinachotakiwa kutoka ni karibu milimita 0.4 kwenye kipenyo, nusu yake ni 0.2, na 0.2 ni sehemu nane za elfu za inchi kasoro kidogo. Hakuziondoa zote kwa pigo moja. Alipita mara ya kwanza akaondoa tatu, mara ya pili tatu, kisha akazima mashine, akasubiri.

"Unasubiri nini, fundi?"

"Ipoe. Chuma kikipata moto kinavimba. Ukikipima kikiwa na moto, kinakudanganya."

Alipowasha tena, chuma kilianza kutoka kama uzi mwembamba wa rangi ya majani makavu, ukijikunja na kuangukia kwenye trei, huku moshi kidogo wa mafuta ukipanda. Sauti ilibadilika kutoka kukwaruza ikawa kama mtu anayerarua kitambaa taratibu. Akasema hiyo ndiyo sauti anayoitaka. Akiisikia hahitaji kutazama. Dakika chache baadaye beringi iliingia kwa mkono, kama pete kwenye kidole cha mwenyewe. Kijana alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na nyundo yake bado mkononi.

Kwenye mwili wa mashine ile kuna jina lililoandikwa kwa herufi za chuma: Myford. Kampuni hiyo ilianzishwa na Cecil Moore huko Beeston, pembeni ya mji wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1934. Aina hii, ML7, ilitoka mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha na watu wakitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yao kisicho bunduki. Kutoka kwenye kitanda, yaani msingi wa chuma ambao kisu hutembea juu yake, hadi katikati ya mhimili ni inchi tatu na nusu, kwa hiyo inazungusha kitu chenye kipenyo cha inchi saba, au milimita 178. Urefu inaoweza kushika ni inchi 20. Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini lethi zake bado zinatafutwa na wazee na vijana wa Ulaya kama wengine wanavyotafuta Land Rover za zamani.

Wanaozitafuta wengi si mafundi wa kulipwa. Hapo ndipo habari hii inapokuwa ngeni kwetu. Ni makarani, madaktari, walimu, watu wanaorudi kutoka kazini jioni, wanakula, halafu wanajifungia bandani kuchonga injini ya mvuke yenye ukubwa wa mbwa. Wana hata jarida lao, Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall jijini London mwaka 1898. Kabla ya Myford walikuwa na Drummond za Guildford, zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyingine zilikanyagwa kwa mguu kama cherehani. Marekani ndugu wawili mapacha, John na Miles O'Brien, walianza South Bend mwaka 1906 katika mji wa jina hilo hilo. Austria nako, miaka ya 1950, ikatoka Unimat, lethi inayoingia kwenye kabati la vyombo.

Na sisi tumo zaidi kwenye hadithi hiyo kuliko tunavyodhani. Kabla watu wa burudani hawajahamia kwenye chuma, matajiri wa Uingereza walikereza mbao na pembe kwa lethi za mapambo za Holtzapffel, mashine ghali kama nyumba, na mti walioupenda sana kwa kazi hiyo ni mpingo. Mti huo huo unaoota kwenye misitu ya miombo ya huku, mweusi, mgumu kiasi cha kukerezwa karibu kama chuma, ndio uliowafundisha mabwana hao maana ya uso laini. Sijui kama kuna aliyewahi kujiuliza unatoka wapi.

Sisi tuliokulia Kilosa tulianza vizuri pia. Nani hakutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili? Tuliweka springi, tuliweka usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, wengine walikunja bati la kopo wakapata kichwa cha treni, na tulibishana hadi kupigana juu ya idadi ya magurudumu ya injini halisi iliyopita asubuhi. Halafu, tukifika miaka 12, 13, tukaambiwa hayo ni ya watoto. Wenzetu wa Beeston hawakuambiwa. Hiyo ndiyo tofauti, na naiona kubwa kuliko tofauti ya umeme au ya fedha.

Si kwamba chuma kilikuwa haba. Wilaya ya Kilosa imejaa alama za lethi. Mkonge ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulifika mpaka Kimamba na Rudewa, na kila shamba lenye korona, ile mashine ya kusagia majani kupata singa, lilihitaji karakana ya kuchonga bushi na pini, kwa sababu korona haisubiri meli ilete spea. Upande wa Kidatu na Ruembe ni sukari, yenye marola yanayolika kila msimu na kuchongwa upya mvua za masika zinaposimamisha mavuno. Mang'ula, mbele kidogo, waliojenga TAZARA waliacha karakana iliyogeuzwa kuwa kiwanda cha mitambo. Na Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikasimama kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria, kikitengeneza lethi zenyewe. Yaani kuna wakati nchi hii ilikuwa inatengeneza mashine inayotengeneza mashine. Tunapozungumzia viwanda, sehemu hiyo tunairuka haraka mno.

Lethi kuukuu ikifika kwenye mizani ya vyuma chakavu haiulizwi jina. Mzee anasema ya kwake aliikuta hivyo hivyo, imelala kati ya rimu na mabomba, kitanda chake kimegandiwa saruji. Aliinunua kwa kilo. Gia zake za kubadilisha zilikuwa nusu tu, chaki haina funguo. Hakujali. Alichokagua ni vitu vitatu, na aliponionyesha nilielewa kwa nini hakujali vingine.

Kwanza, kitanda. Lethi iliyofanya kazi sana inalika karibu na chaki, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi fupi hufanyika, na mwisho wa mbali hubaki mpya. Unapitisha kucha: ukihisi ngazi, ujue kisu kitakuwa kinashuka na kupanda bila wewe kujua. Pili, mhimili. Unabana fimbo ndefu kwenye chaki, unaisukuma juu na chini kama unayetikisa jino la mtoto. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kwenye ML7 beringi hizo ni za madini laini meupe, na fundi mwenye subira anaweza kuziyeyusha na kuzimimina upya. Tatu, uvivu wa magurudumu: unazungusha mbele, unarudi nyuma, unahesabu ni alama ngapi zinapita kabla kisu hakijatii. Kidogo si dhambi. "Hata mimi siku hizi nikiitwa sigeuki mara moja," alisema.

Kuhusu usalama hakusema mengi. Alinionyesha tu mikono ya ovaroli iliyokatwa juu ya kiwiko, na kidole cha shahada chenye kovu.

Nikamuuliza anachonga nini akiwa hana kazi ya wateja. Akasita, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ndogo. Kisha akafungua droo. Ndani, kwenye gazeti la zamani, palikuwa na magurudumu manne ya treni ya chuma cha kumimina, kila moja na ukingo wake, kubwa kidogo kuliko kisahani cha chai.

Ili kuyaelewa magurudumu hayo inabidi kuzielewa reli za hapa, na hizo zina vituko vyake. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905; ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, Kilosa ikipitiwa katikati. Wajerumani walipima kwa mita, na reli yao ina upana wa milimita 1,000 kamili. Waingereza walipoichukua hawakuigusa, ila wakaweka juu yake injini za Glasgow na Manchester zenye bolti za inchi. Ukienda makumbusho ya reli Nairobi utaikuta mojawapo, namba 3020, iliyopewa jina la Wanyaturu wa Singida. Tawi la Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965, kwa mita hiyo hiyo. Huko Kidatu likakutana na TAZARA, iliyojengwa na Wachina, watu wa mita, lakini kwa upana wa milimita 1,067, ambao si chochote ila futi tatu na inchi sita za Mwingereza, ili mabehewa yaingie Zambia. Na treni ya umeme inayopita Kilosa tangu mwaka 2024, fahari yetu ya kisasa, inatembea kwenye milimita 1,435. Hizo ni futi nne na inchi nane na nusu, kipimo cha Kiingereza cha karne ya 19. Ukitaka mita kamili, panda treni ya zamani.

Kila spea iliyowahi kushuka kwenye stesheni hizi ilikuja na lugha yake. Bolti za korona zina uzi wa inchi, bolti za Mchina zina uzi wa milimita, na fundi wa kijijini ndiye mkalimani.

Lethi yenyewe inasema Kiingereza tu. Skrubu ndefu inayosogeza kisu ina nyuzi nane kwa kila inchi; ikizunguka mara moja, kisu kinatembea milimita 3.175. Sasa itake ikuchongee bolti yenye uzi wa milimita moja. Inabidi upange gia kati ya mhimili na skrubu zipunguze mwendo huo hadi ufike moja kamili, na hesabu ukiifuata mpaka mwisho inakupa jibu moja lisilokwepeka: gia ya meno 40 iendeshe gia ya meno 127. Si 126, si 128. Inchi tano ni milimita 127 barabara, na 127 ni namba tasa, haigawanyiki kwa kitu, kwa hiyo huwezi kuipata kwa kuunganisha gia mbili ndogo. Wapenzi wa lethi ndogo wengi hutumia gia ya meno 63 badala yake, wakakosea kwa kama unene wa karatasi katika mita nzima. Kwa bolti inatosha. Mzee anayo hiyo ya 63, na ameitumia miaka mingi.

"Inatosha," alisema. "Lakini si yenyewe."

Ndipo akarudi kwenye magurudumu. Watengenezaji wa treni ndogo wa Uingereza wana reli yao inayopendwa, yenye upana wa inchi tano. Inchi tano, milimita 127. Reli ya Kilosa ni milimita 1,000. Kwa hiyo ukichonga treni ya Kilosa kwa reli hiyo ndogo, kila mita ya kweli inakuwa milimita 127, hakuna kukadiria. Gurudumu la futi nne, ambalo ni milimita 1,219, linakuwa kama 155, na lethi yenye nafasi ya 178 inalizungusha bila kugusa kitanda. Wajerumani na Waingereza, ambao hawakukubaliana hata juu ya bolti, wanakutana kwenye namba ile ile moja, mezani kwa mzee wa Mikumi. Aliniambia hayo polepole, kama mtu anayefichua mahali palipofukiwa kitu, na nakiri niliyahesabu upya usiku ule kwa simu kabla sijaamini.

Treni haina hata behewa bado. Magurudumu manne, ekseli mbili, na mchoro wa penseli. Reli ya kuipitisha hana. Lakini kabla ya kuendelea ameamua apate kwanza gia ya meno 127, na kwa kuwa hakuna duka linaloiuza anaichonga mwenyewe. Shida ni kugawa duara mara 127 sawasawa. Mara nne ni rahisi, mara 60 inawezekana, ila 127 hakuna mlango wa kuingilia.

Alichukua futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ameikata kwenye inchi 20. Akaigeuza: upande wa pili panasoma milimita 508. "Gawa kwa nne," akaniambia. Niligawa. 127.

Kwenye lethi kulikuwa na sahani ya mbao, kipenyo chake kinakaribia milimita 162, na ameichonga mpaka futi ile iizunguke kasoro kidogo. Kila milimita nne atachoma alama moja, na kila alama itakuwa jino moja. Nikamwambia futi ya kitambaa inavutika, vipimo vitapotea.

"Ikivutika inavutika yote," alijibu. "Sitaki urefu. Nataka usawa."

Nje, mashine ya kusaga ilishika moto na kuanza kunguruma, na mama mmoja akapaza sauti kwamba zamu ni yake. Mzee aliondoa unyuzi mmoja wa mbao, mwembamba kama ganda la kitunguu, akazima mota, akaizungusha futi tena kwenye sahani na kuibana kwa vidole gumba viwili. Ncha ya inchi 20 ilikuja taratibu, ikaigusa sifuri.

Gari la Kilosa lilikuwa limepita zamani.